Pole Unayompa Jirani, Jipe na Wewe

Mtoto ameanza kuchemka homa Jumapili usiku, huko Mangobo, mjini Kisangani. Mama yake anampa paracetamoli iliyobaki nyumbani, na asubuhi anajitwika beseni la pondu kwenda sokoni, maana asipouza hakuna pesa ya matibabu. Jumanne jioni homa imepanda, mtoto hataki kunyonya. Mama anaanza kujisemea: "Mimi mama gani? Nimemuua mtoto wangu." Hapo hatari ya pili inaingia. Anaogopa kituo cha afya, kwa sababu muuguzi atauliza homa ilianza lini, naye ameshajihukumu kabla ya kuulizwa. Anangoja mpaka kesho.

Malaria haina subira hiyo. Kwa mtoto mdogo inaweza kuwa kali ndani ya saa 24. Ndiyo sababu hata katika mambo ya afya tunagusa maneno unayojiambia moyoni.

Kama shida hiyo ingempata jirani, mama huyu asingemtukana. Angemwambia: "Pole mama, ulikuwa unawatafutia watoto chakula. Twende, nikushikie mfuko." Basi ajiambie hivyo hivyo. Kuchelewa hakutafutika, lakini atapata nguvu ya kusimama na kusema wazi: "Homa imeanza Jumapili." Muuguzi anaihitaji siku hiyo ya kweli ili ajue namna ya kumtibu mtoto.

Wengine watasema kwamba ukijibembeleza utakuwa mvivu. Sisi tunaona kinyume. Anayejitukana huficha kosa lake hata kwake mwenyewe. Anayejisamehe anaweza kulitazama na kulirekebisha.

Mji wetu una majeraha mazito kuliko hayo. Wapo wanaojilaumu tangu vita vya siku sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya nyumba zetu: kwa nini mimi nilijificha, ndugu yangu mkubwa akabaki nje? Wengine walikimbia mapigano ya Wambole na Walengola yaliyoanza 2023 upande wa Lubunga, wakaacha mzee au shamba nyuma. Ndugu, aliyerusha bomu si wewe. Aliyechoma nyumba si wewe. Ulikimbia kwa sababu ulitaka kuishi, na waliobaki na wewe wanakuhitaji hai.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa kijitabu cha picha kuhusu msongo wa mawazo, na sehemu yake moja inafundisha wema huo kwa nafsi. Zoezi lake unaweza kulifanya usiku, watoto wakishalala. Sikiliza mwili: uzito uko wapi, kifuani, tumboni, shingoni? Weka kiganja hapo. Vuta pumzi polepole, usikie joto la mkono wako, kisha useme kwa sauti ndogo: "Siku hii ilikuwa ngumu. Nimeumia." Usiharakishe. Machozi yakija, yaache. Mafunzo ya namna hiyo yalijaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini katika kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda. Walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, wiki 5. Miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao ambao hawakuhudhuria.

Baba, nawe zoezi hili ni lako. Ukirudi na baiskeli yako ya toleka bila pesa ya minerval ya shule, usijiite mtu bure mbele ya watoto. Wanajifunza kwako namna ya kujisemea siku wakishindwa mtihani.

Zoezi peke yake halimtoshi kila mtu. Ukipita wiki mbili bila usingizi, bila hamu ya chakula wala kazi, nenda kituo cha afya, ueleze kama unavyoeleza homa. Na mtu wa nyumbani akisema afadhali afe, usimkemee, usimwache peke yake. Ondoa sumu ya panya na dawa zilizo karibu naye, muite mtu mnayemwamini, mmpeleke siku hiyo hiyo.