Kuanza Kupiga Makasia Ukiwa Chuoni: Safari ya Kathleen Noble na Maswali Yetu



Ndugu zangu wanafunzi, tangu nianze kwenda ziwani nikiwa mwaka wa pili, swali moja limenifuata hadi bwenini. Je, mtu wa miaka 19 au 20, ambaye mchezo wake wa mwisho ulikuwa netiboli ya shule, anaweza kweli kuanza mchezo mpya chuoni na siku moja akavaa rangi za taifa? Katika soka au mbio ndefu jibu la kweli mara nyingi ni hapana. Huwezi kuamka ukiwa na miaka 20 ukamfukuza mtu aliyekulia akikimbia milima ya Kapchorwa. Katika upigaji makasia jibu ni ndiyo, na mfano tunao hapa hapa Uganda.

Kathleen Noble amekulia Uganda, mtoto wa wamisionari kutoka Ireland. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa kuogelea, na mwaka 2012 aliiwakilisha Uganda mjini Istanbul katika mashindano ya dunia ya kuogelea ya bwawa fupi. Kisha akaenda kusoma chuo kikuu cha Princeton, Marekani, na huko ndiko alikojifunza kupiga makasia. Mwaka 2016 alikuwa Rotterdam, akishindana kwa jina la Uganda katika mashindano ya dunia ya vijana walio chini ya miaka 23. Oktoba 2019 alipata tiketi ya Olimpiki katika mashindano ya kufuzu ya Afrika yaliyofanyika Tunis. Korona ikaahirisha michezo mwaka mzima. Hatimaye Julai 2021, Tokyo, akawa Mganda wa kwanza kupiga makasia katika Olimpiki. Uganda ilianza kushiriki Olimpiki mwaka 1956, kwa hiyo mlango huo ulikaa miaka 65 bila mtu kuupita. Mwaka 2024 alirudi tena, Paris.

Kwa nini mchezo huu unampokea anayechelewa? Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kinatofautisha kafi na kasia. Kafi unalishika kwa mikono tu, halijafungwa popote, na unatazama mbele. Wavuvi wa Ggaba wengi hupiga kafi. Kasia limeshikiliwa ubavuni mwa chombo, zamani kwa kishwara cha kamba na siku hizi kwa kifaa cha plastiki na chuma, na mpiga makasia huketi akiupa mgongo upande anakokwenda. Mashua ya mashindano ya mtu mmoja ina urefu wa mita nane hivi na uzito usiopungua kilo 14, na kiti chake kina magurudumu madogo yanayoteleza mbele na nyuma. Kwa sababu ya kiti hicho, nguvu kubwa haitoki mikononi. Inatoka miguuni. Unajikunja, unazamisha makasia, unasukuma kwa mapaja, mgongo unafuata, mikono inamalizia. Basi. Unarudia hivyo mara 230 au zaidi kidogo, na mita 2,000 zimekwisha.

Mwendo ni mmoja, na mtu mzima mwenye akili tulivu anaweza kujifunza vizuri. Kinachobaki ni moyo, mapafu na miguu, na hivyo hujengwa kwa miaka, hata kama ulianza na miaka 19. Aliyekwisha kuogelea kama Kathleen tayari ana mapafu. Aliyekuwa akibeba maji kutoka kisimani kupanda mlima ana miguu. Mashine ya kupigia makasia ya nchi kavu haijui ukoo wako wala shule uliyosoma. Inaandika muda wako tu.

Nimewasikia wenzetu wakisema alipata nafasi kwa sababu kiti kilikuwa kitupu, hakukuwa na Waganda wengi wa kushindana nao. Sehemu moja ni kweli. Olimpiki hutenga nafasi kwa kila bara ili mchezo usiwe wa Ulaya peke yake. Ni kweli pia kwamba Princeton wana mashua, makocha, na hata ziwa walilochimbiwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie, lililofunguliwa mwaka 1906. Sisi hatuna hayo, na sitaki kumdanganya mtu. Lakini kiti kitupu bado kinamhitaji mtu wa kukipeleka mita 2,000, na Tunis ilimbidi ashindane na nchi nyingine za Afrika. Hakufika fainali ya medali Tokyo. Aliyeshinda mashua ya mtu mmoja kwa wanawake, Emma Twigg wa New Zealand, alitumia dakika 7 na sekunde 13.97, na huyo alikuwa ametoka wa nne London 2012 na wa nne tena Rio 2016. Anayetafuta mchezo wa matunda ya haraka aende kwingine.

Tena maji si kitu kigeni kwetu. Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mmamba, ndiye aliyekuwa amiri wa mitumbwi ya Kabaka, na koo za Buganda bado hushindana kwa mitumbwi. Kinachotutenga na maji ni hofu, na hofu hiyo ina sababu. Novemba 2018 boti ya starehe, MV Templar, ilizama upande wa Mukono ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mama yangu aliponisikia nikitaja mashua alijibu neno moja tu: Templar. Sikumlaumu. Nilimwambia, "Mama, nitajifunza kuogelea kwanza, na usiponiona nikiogelea siendi." Miezi minne nilikuwa bwawani, saa za wanawake peke yao, kabla sijagusa kasia. Alikuja kunitazama akakaa na mwavuli wake hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa nenda, lakini jaketi usilivue." Silivui.

Wengi wanaogopa kwamba viatu vimefungwa kwenye mashua. Ni kweli vimefungwa, lakini visigino vimeshikwa na kamba fupi: mashua ikipinduka, unavuta mguu, kisigino cha kiatu kinazuiliwa, na mguu unachomoka wenyewe. Kocha hukufanyisha zoezi hilo la kupinduka kwenye maji mafupi mpaka ulizoee. Mimi alikuwa akinipigia kelele, "Hajati, toka! Toka!" nami nilikuwa nimeshatoka zamani.

Sasa yale yanayotuhusu sisi hasa. Ziwa hutulia asubuhi, na kadiri jua linavyopanda upepo huamka. Hapa Kampala, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, Alfajiri na macheo hazibadiliki sana mwaka mzima. Unaswali, unapanda bodaboda, na kukipambazuka uko Munyonyo. Sijawahi kukosa swala kwa sababu ya mazoezi. Darasa la saa mbili asubuhi ndilo lenye matatizo, kwa sababu ya foleni ya barabara ya Ggaba.

Mavazi: nguo ndefu inayoning'inia nyuma haifai, si kwa sababu mtu ameikataza, ila magurudumu ya kiti yataitafuna na utasimama katikati ya ziwa. Nguo pana sana tumboni nayo hunaswa na mishikio ya makasia. Sisi dada tumekubaliana na fundi wa Owino atushonee suruali pana zenye mpira kifundoni na kanzu fupi inayoishia juu ya goti, iliyopasuliwa nyuma. Hijabu ya kufunga ndani ya kola haipeperuki.

Na Ramadhani? Mtazameni Mohamed Sbihi, Mwislamu wa Uingereza ambaye baba yake ni wa Moroko. Alichaguliwa akiwa shuleni, na miaka 15, kwa sababu ya urefu wake. Olimpiki ya London 2012 iliangukia Ramadhani. Aliahirisha saumu akalipia chakula cha maskini huko Moroko, akapata shaba katika mashua ya watu wanane. Rio 2016 akapata dhahabu katika mashua ya watu wanne, na Tokyo akaibeba bendera ya Uingereza siku ya ufunguzi. Je, mashindano ni udhuru wa kuahirisha saumu? Masheikh wamehitilafiana, na wengi hawauoni kuwa udhuru. Kila mmoja amuulize sheikh wake, asichukue fatwa kwangu. Kwa sisi wanaoanza jambo ni jepesi: mwezi huo tunafanya mazoezi ya ufundi polepole, saa moja kabla ya futari, na ufundi ndio hasa unaotupungukia.

Anayetaka kuanza muhula ujao asianzie ziwani. Aanze na kuogelea mita 50 bila kusimama na kuelea dakika tano. Kisha mashine, dakika 20 mara tatu kwa wiki, bila kuangalia namba ya jirani. Wiki ya sita au ya saba ndipo wengi huacha, kwa sababu malengelenge yamepona na mwili haujabadilika bado. Ikipita hiyo, njooni ziwani. Na mje na soksi zenu, maana viatu vya mashua ni vya kila mtu.