Kwenda Kisiwa cha Central, Ziwa Turkana

Anayeenda Kisiwa cha Central aanze kwa kumtafuta nahodha, mengine yatafuata. Ada ya mbuga hulipwa kupitia eCitizen, na ni afadhali umalize shughuli hiyo Lodwar kabla mtandao haujaanza kukuchezea. Kutoka hapo hadi Kalokol ni kama kilomita 60, na boti utazipata jirani, Ferguson's Gulf. Wengine huanzia Eliye Springs, ambako kuna mahali pa kulala.

Usikimbilie boti ya bei ya chini. Ikague. Je, kuna injini ya akiba, au walau makasia? Petroli ya kwenda na kurudi imo kwenye madumu? Jaketi za kuokoa maisha zinawatosha wote? Ivae yako ukiwa bado nchi kavu, uifunge hadi mwisho. Nyingine zimeanikwa juani miaka mingi na vifungo havishiki tena. Ziwa hili lina upepo mkali unaoamka ghafla, na mawimbi yake si mchezo. Nahodha akisema leo hatutoki, usimshawishi kwa pesa. Ndiyo maana ratiba inahitaji siku moja ya ziada, hasa kama umeshakata tiketi ya ndege ya kurudi Nairobi.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita mraba 5 hivi, na kimekuwa mbuga ya kitaifa tangu 1983. Hakuna duka wala hoteli, na kivuli ni cha kutafuta. Maji ya ziwa yana magadi, basi beba ya kunywa, lita tano kwa kila mtu kwa siku. Akala na ndala ziache botini: mawe ya volkano yanakata, na majivu yanateleza. Panda alfajiri, kabla ya jua kuwaka, uyaone maziwa matatu ya kreta: la Mamba, la Flamingo na la Tilapia. Kuna sehemu ambako ardhi bado inafuka mvuke wenye harufu ya kiberiti. Zipite kwa mbali.

Mamba huzaliana hapa, na mayai huanguliwa Aprili na Mei. Ni msimu wa kuvutia, ila mamba jike mwenye kiota hana utani. Usinawe hata mikono ukingoni, na hema lisimamishwe juu, mbali na maji.

Mkilala huko, mkubaliane mapema kama nahodha atabaki nanyi au atarudi kesho, saa ngapi. Mlipe nusu, nusu nyingine aipate mkishafika Kalokol.