Ukanushi na Utenduzi katika Maelekezo ya Kusanidi Violesura vya Etheneti

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza tatizo moja la kisarufi linalomkabili mfasiri wa maelekezo ya kiufundi, yaani namna ya kufasiri kikanushi cha Kiingereza pale ambapo kikanushi hicho hakikanushi. Mifano inatokana na amri za ruta za Cisco, hususan ruta za vipande, ambazo mwenye mtandao huzichomekea kadi kulingana na mahitaji yake. Ruta 3640 ya miaka ya 1990, kwa mfano, ilikuwa na nafasi 4 za kadi hizo.

Mijadala ya tafsiri za kompyuta hupenda kujikita katika msamiati: interface iitwe kiolesura au jina jingine, ruta ibaki ruta au la. Swali hilo lina uzito wake, lakini mwanafunzi anayekosea jina la kifaa bado anaweza kukitumia. Anayepotoshwa na kitenzi hawezi.

2.0 Jina la Kiolesura

Katika ruta hizi jina la kiolesura ni anwani pia. "Ethernet 1/0" humaanisha kiolesura cha Etheneti kilichoko kwenye nafasi 1, tundu 0. Hesabu huanzia 0, na katika 3640 nafasi zilihesabiwa kutoka kulia kwenda kushoto, kuanzia chini. Hivyo nafasi 0 ilikuwa chini kulia. Mfasiri akiandika "tundu la kwanza", msomaji hatajua kama anaelekezwa kwenye tundu 0 au tundu 1, kwa kuwa kwanza ya Kiswahili haina sifuri nyuma yake. Nambari yenyewe ibaki kama ilivyo. Ruta nyingi za baadaye hutumia tarakimu tatu badala ya mbili, lakini kanuni haibadiliki.

3.0 Amri Inayoanza na "no"

Kiolesura cha ruta mpya ya Cisco kwa kawaida huja kikiwa kimefungwa. Kadi inaweza kuwa imechomekwa, waya umeunganishwa na anwani imeandikwa, lakini data haitapita mpaka msimamizi aandike "no shutdown". (Swichi za kampuni hiyohiyo kwa kawaida huja matundu yakiwa wazi, jambo linalozidi kumchanganya anayeanza.)

Mfasiri anayefuata umbo atapata "usifunge". Tafsiri hiyo ni sahihi kimofolojia na ni potofu kimaana. Usifunge ni katazo: humtaka mtendwa amri ajizuie na tendo ambalo bado halijafanyika. Mtu aliyeambiwa asifunge mlango uliokwisha kufungwa hutii kwa kukaa kimya tu. Mwanafunzi aliyesoma maelekezo ya namna hiyo ana haki ya kudhani kuwa hatua hii ni tahadhari, airuke, kisha ashinde mchana kutwa akibadilisha waya usio na kasoro.

Amri ile haikatazi, bali inatendua. Kiswahili kina mnyambuliko mahususi wa kazi hiyo, ambao Kiingereza hakina kwa upana huo: funga/fungua, ziba/zibua, kunja/kunjua, chomeka/chomoa. Kwa hiyo "fungua" ndiyo tafsiri, na ni fupi kuliko asili yake.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila "no" ina jozi yake katika kauli ya kutendua. Kauli hiyo si zalishi kwa vitenzi vyote. Amri inayofuta anwani ya kiolesura haiwezi kufasiriwa kwa kunyambua weka, kwa sababu *wekua halipo. Kiswahili hutumia ondoa. Aina ya tatu ni ngumu zaidi. "No" ikitangulia amri ya kasi haiondoi kasi, wala haitendui lolote. Huirudisha ruta kwenye hali yake ya awali, ambayo katika violesura vingi vya Fasti Etheneti ni kuafikiana kasi na kifaa cha upande wa pili. Hapa kitenzi kinachofaa ni rejesha. Kiambishi kimoja cha lugha ya amri kinadai vitenzi vitatu, na mfasiri anayejifunga kwenye kimoja kwa ajili ya usawa wa istilahi atakosea mara mbili kati ya tatu.

4.0 Kutendwa na Kutendeka

Ruta inapoulizwa hali ya kiolesura hutenganisha vizuri kilichofungwa na msimamizi na kile ambacho hakipati mawasiliano. Kiingereza chake hutumia "down" kwa vyote viwili na kuongeza kielezi kwa cha kwanza. Kiswahili hakihitaji kielezi. "Kimefungwa" hudokeza mtenda, hata asipotajwa, na humwelekeza msomaji kwenye amri. Kwa hali ya pili inafaa kauli ya kutendeka, isiyo na mtenda, ili msomaji atazame waya na kifaa cha upande wa pili.

"Kimefungika" hakitafaa, kwa kuwa hubeba pia maana ya uwezekano. "Kimekatika" ni bora kwa kiolesura kilichokuwa kikifanya kazi. Kwa kipya ambacho hakijawahi kuchomekwa waya, kukatika kunadokeza muungano wa awali ambao haukuwapo. Hapo panafaa "hakijaunganika".