Anayeuguza Naye Auguzwe
Kwa wazazi na jamaa wa Edgware Road

Ukikata kona kutoka Edgware Road kuingia Praed Street, mwendo mfupi tu unafika hospitali ya St Mary's, alikogundua penisilini Alexander Fleming mwaka 1928. Usiku wa manane, wodi ya watoto ni mlio wa mashine tu. Mama amejikunja kitini kando ya mwanawe. Chai ya tangawizi imepoa, hajaigusa. Simu inawaka: shangazi yuko Unguja, mjomba yuko Mombasa. "Vipi mtoto?" Hakuna anayeuliza, "Nawe umelala?"

Dalili za mzazi aliyezidiwa
- Usingizi hauji hata mtoto akilala.
- Moyo humwenda mbio akisikia king'ora cha ambulensi.
- Hafungui kinywa kula, au kichwa na tumbo humuuma.
- Hufoka kwa jambo dogo, au hunyamaza kutwa. Baba wengi hujificha kazini.

Mara nyingine dalili huzidi baada ya kurudi nyumbani, watu wakidhani mambo yamekwisha. Kuzidiwa huko si kupungukiwa imani. Subira haimkatazi mtu kutafuta tiba.

Lawama haziponyi
Ugonjwa wa selimundu, kwa mfano, hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Hakuna aliyeroga, wala upande mmoja wa ukoo wenye makosa. Ugonjwa huu humrudisha mtoto hospitali mara kwa mara, kwa hiyo wazazi wasipopumzika kwa zamu, wataishiwa nguvu safari bado ndefu.

La kufanya
- Mchagueni jamaa mmoja wa kupeleka habari kwa ukoo, ili mama asirudie kisa kile kile mara ishirini.
- Ombeni mkalimani. Hospitali za NHS hazimtozi mgonjwa kwa huduma hiyo. Msimtwike mtoto mkubwa kazi ya kutafsiri habari nzito.
- Ndugu zake mgonjwa waambieni ukweli, kwa maneno ya umri wao.
- Mwulizeni mwajiri: tangu Aprili 2024, mfanyakazi ana haki ya likizo ya wiki moja kwa mwaka, isiyo na malipo, kumhudumia mtegemezi mwenye ugonjwa wa muda mrefu.
- Majirani, msiseme "ukihitaji chochote niite." Leteni sufuria ya wali, wapelekeni watoto wengine shule.

Pa kupata msaada
Dalili zikidumu wiki mbili, mwone daktari wako (GP). Huduma ya tiba ya mazungumzo ya NHS ni bure, na waweza kujiandikisha mwenyewe bila kupitia kwa daktari. Ukielemewa, piga 111 kisha bonyeza 2, saa yoyote. Samaritans, wanaowasikiliza walioelemewa, wako 116 123, bure. Maisha yakiwa hatarini, piga 999.

Nawe shangazi wa Unguja, ukipiga tena leo usiku, anza na lile swali ambalo hakuna aliyeuliza.