Maji Yakipata Moto, Besi Huenda Wapi?

Maswali na majibu kuhusu uvuvi wa besi wakati wa joto kali

Julai na Agosti, kusini mwa Marekani, maji ya juu katika mabwawa mengi hupita nyuzi 30 za Selsiasi. Wapo wavuvi wa mshipi wanaotundika fito zao ukutani mpaka Septemba, kwa imani kwamba besi amesusa chakula. Rekodi hazikubaliani nao. Tarehe 2 Juni 1932, kijana wa shamba aitwaye George Perry alimvua besi wa ratili 22 na aunsi 4, kama kilo 10.1, katika Ziwa Montgomery huko Georgia. Tarehe 2 Julai 2009, Manabu Kurita alimnasa mwingine katika Ziwa Biwa, Japani, aliyemzidi yule wa Perry kwa pungufu ya aunsi moja. Kwa kuwa IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi hizo, hutaka tofauti ya aunsi mbili, wavuvi hao wawili wanahesabiwa kuwa sare. Wote wawili walivua katika miezi ya joto.

Maswali yafuatayo huulizwa sana na wanaoanza kumfuata samaki huyu mwenye mdomo mpana, mzaliwa wa Amerika ya Kaskazini, ambaye leo yuko katika maji ya mabara mengi.

Je, ni kweli kwamba besi huacha kula joto linapozidi?

La. Besi hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata joto la maji. Maji yakipanda kutoka nyuzi 15 hadi 27, tumbo lake husaga chakula haraka zaidi na mahitaji yake huongezeka. Kiwango cha nyuzi 26 hadi 28 ndicho kinachomfaa kukua.

Kinachobadilika ni ratiba. Kufikia Julai, maji yamejaa vifaranga wa samaki waliototolewa majira ya kuchipua, kwa hiyo besi hahitaji kuhangaika. Hula kwa pupa kwa muda mfupi, kisha hutulia. Mvuvi anayefika wakati wa utulivu huo huona ziwa ni tupu. Maji yakipita nyuzi 32, hapo samaki huanza kutaabika kwelikweli, na kinachomtesa zaidi ni uhaba wa hewa kuliko joto lenyewe.

Kama anakula, mbona mchana hapatikani ukingoni alikokuwa mwezi Aprili?

Jibu ni oksijeni. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 15 huweza kubeba miligramu 10 hivi za oksijeni. Maji ya nyuzi 30 hubeba saba na nusu. Mwili unadai zaidi wakati ule ule ambao maji yanacho kidogo. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita, besi huanza kulegea, na ikikaribia 2 huhama kama ana pa kwenda.

Hapo wengi hukimbilia vilindini, wakidhani kwamba penye maji baridi ndipo penye samaki. Wazo hilo lina kasoro. Jua likipasha maji kwa wiki nyingi, ziwa lenye kina hugawanyika matabaka: juu maji ya moto na mepesi, chini maji ya baridi na mazito, na kati yake ukanda mwembamba ambamo joto hushuka ghafla. Matabaka hayo hayachanganyiki mpaka hali ya hewa ipoe. Tabaka la chini halipati upepo wala mwanga. Bakteria wanaoozesha majani na mwani huimaliza oksijeni yake, na hakuna njia ya kuirudisha.

Ndiyo maana bwawa la mita 20 linaweza kuwa na mita 6 tu za kuishi samaki. Chambo kinachoshushwa chini ya hapo huning'inia mahali ambapo hakuna wa kukila.

Mvuvi atautambuaje ukanda huo?

Mwenye sona huongeza nguvu ya kifaa mpaka uonekane mstari wa ukungu unaokata kioo kwa usawa. Vijidudu na takataka laini hukwama pale uzito wa maji unapobadilika, na sauti ya kifaa hugonga hapo na kurudi. Samaki wengi huonekana juu ya mstari. Chini yake ni kimya. Asiye na sona hufunga kipimajoto kwenye kamba yenye alama za mita, akakishusha kidogo kidogo. Penye mshuko wa ghafla ndipo penye mpaka.

Kisha hutafuta kitu cha sakafuni kinachofika kina hicho hicho: rundo la mawe, kisiki, mgongo wa ardhi uliozama. Besi hapendi kuelea mahali patupu ikiwa ana cha kuegemea.

Kwa nini wavuvi wa Tennessee na Alabama hulifurahia joto la mchana?

Kwa sababu ya viyoyozi. Mto Tennessee umezibwa kwa mfululizo wa mabwawa yanayosimamiwa na TVA, mamlaka ya umma iliyoundwa mwaka 1933. Bwawa la Guntersville lilikamilika mwaka 1939 na lile la Kentucky mwaka 1944. Alasiri ya joto kali, nyumba na maofisi huwasha viyoyozi kwa pamoja, mahitaji ya umeme hupanda, na mamlaka hufungulia maji mengi zaidi yapite kwenye mitambo ya kufua umeme. Maji yaliyokuwa yamelala huanza kutembea.

Mkondo huo huwasukuma samaki wadogo wa rangi ya fedha, jamaa wa dagaa, ambao ndio chakula kikuu cha besi katika mabwawa hayo. Besi hujipanga kwenye kingo za mto wa zamani, zilizofunikwa bwawa lilipojazwa, wakielekeza vichwa upande mkondo unakotoka. Ukingo uliokuwa kimya saa tatu asubuhi unaweza kutoa samaki watano mfululizo saa tisa alasiri. Mkondo ukikatika, nao hutawanyika.

TVA hutangaza hadharani ratiba ya maji yanayotarajiwa kupita katika kila bwawa. Wavuvi wazoefu wa huko huisoma kabla ya kuangalia utabiri wa mvua.

Na ziwa lisilo na kina wala mkondo?

Hapo kivuli ndicho mtaji. Besi hana kope, na jua la utosini humsumbua anapovizia. Gati za mbao, miti iliyoangukia majini na mikeka ya magugu humpa giza la kujificha huku akiwatazama wanaopita kwenye mwanga.

Chambo bandia chenye umbo la chura, cha mpira na chenye tumbo wazi, kiliundwa kwa kazi hiyo. Ndoano zake mbili hulala mgongoni, kwa hiyo huteleza juu ya majani bila kunasa. Mshipi uwe wa kusuka na wenye nguvu ya ratili 50 au zaidi, maana samaki akishazama ndani ya mkeka huja na kilo kadhaa za majani. Kosa la kawaida ni kuvuta mara tu maji yanaporuka. Mvuvi asubiri mpaka ausikie uzito kwenye ufito.

Alfajiri ndiyo saa bora?

Mara nyingi, lakini si kila mahali. Mchana mimea ya majini hutoa oksijeni. Usiku huitumia bila kutoa. Kwa hiyo ndani ya magugu mazito, oksijeni huwa chini kabisa karibu na macheo. Katika saa hizo ni afadhali kuvua ukingo wa nje wa magugu, penye maji ya wazi, na kuingia katikati jua likishapanda.

Katika mabwawa ya maji maangavu, wenyeji wengi huvua usiku. Hupendelea chambo cheusi au cha zambarau iliyoiva, kwa kuwa samaki humtazama windo kutoka chini na rangi nzito hujichora vizuri zaidi dhidi ya anga. Chambo chenye bamba moja pana linalozunguka polepole huongeza mtikisiko ambao besi huuhisi kwa mstari wa neva ulio ubavuni mwake.

Mtu mwenye bajeti ndogo anunue chambo gani kimoja?

Mnyoo wa plastiki. Nick Creme wa Akron, Ohio, alianza kutengeneza minyoo hiyo mwaka 1949, na mpaka leo haijapata mpinzani wa kweli wakati wa joto. Huwekewa chubwi yenye umbo la risasi mbele, na ncha ya ndoano hufichwa ndani ya plastiki ili isishike visiki. Huburutwa taratibu sakafuni, na mapumziko ni mengi kuliko mwendo. Besi aliyeshiba hafukuzi kinachokimbia, lakini kinachotambaa mbele ya pua yake hukinyonya.

Ni sahihi kumrudisha majini samaki aliyevuliwa katika joto hili?

Ni sahihi kama atashughulikiwa haraka. Utamaduni wa kurudisha besi ulipata nguvu mwaka 1972, pale Ray Scott, mwasisi wa mashindano ya besi ya Marekani, alipowataka washindani wawalete samaki wakiwa hai na kuwaachia baada ya kupimwa. Tangu hapo imeonekana wazi kwamba maji yakizidi nyuzi 26 hivi, vifo baada ya kuachiwa huongezeka.

Samaki apiganishwe kwa muda mfupi kwa mshipi imara, ashikwe kwa mikono iliyoloa, na picha isizidi sekunde chache. Tangi la mashua liwe na pampu ya hewa. Barafu inafaa, ila isishushe joto zaidi ya nyuzi nne au tano chini ya lile la ziwa. Samaki aliyevutwa kutoka zaidi ya mita 8 anaweza kuelea ubavu kwa sababu kibofu chake cha hewa kimevimba. Mahali penye kina hicho, mwenye nia ya kurudisha samaki ahame mapema.

Haya yote yanamhusu mvuvi wa Naivasha?

Kwa sehemu. Besi aliletwa Ziwa Naivasha, nchini Kenya, mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, na baadaye akapata chakula kipya: kamba wekundu wenye asili ya Louisiana, walioingizwa mwaka 1970. Naivasha haina majira ya joto ya miezi mitatu. Upepo wa alasiri huvuruga maji ya sehemu kubwa ya ziwa, hivyo matabaka hayadumu kama yanavyodumu Alabama. Lakini ziwa liko kama mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo pekee hupunguza oksijeni ambayo maji yanaweza kubeba kwa takriban asilimia 20. Siku ya jua kali isiyo na upepo, kanuni za kivuli na hewa hufanya kazi vilevile.

Chambo cha kahawia au chekundu kinachoiga kamba, kikiburutwa kando ya mafunjo, ndicho cha kuanzia. Leseni ya uvuvi ikatwe kabla ya kuingia majini. Mafunjo hayo hayo ni makazi ya viboko, wanaotoka kwenda malishoni giza likiingia; kwa hiyo uvuvi wa usiku unaosifiwa Marekani haufai hapa, na mashua iwe imefika gatini kabla ya jua kuzama.