Gari Lenye Rafadha: Jinsi ya Kulitambua Pichani



Somo langu la mwaka huu ni la kutazama na kueleza. Tukipewa picha tuieleze kwa Kiswahili, wengi wetu hukimbilia jina. Tunaandika "hili ni basi" au "huyu ni daktari" hata kabla ya kuitazama picha kwa nusu dakika. Kwa hivyo nimetafuta kitu ambacho mazoea hayatatusaidia kukijua: magari ya zamani yaliyosukumwa kwa rafadha, kama ndege, lakini yakitembea barabarani. Naam, yalikuwapo! Yaliundwa machache mno, na mengi kati yake yamebaki kwenye picha za rangi nyeusi na nyeupe tu.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Rafadha ni kile kifaa chenye mapanga kinachozunguka puani mwa ndege ndogo au nyuma ya meli chini ya maji. Wengine hukiita propela, na hilo si kosa, ila lina mtego wake. Nenda gereji umwambie fundi kuwa unatafuta gari lenye propela. Atakucheka, maana lori lolote lina propela: ule mti wa chuma unaozunguka chini ya gari kutoka kwenye gia boksi hadi kwenye difu. Neno lile lile, kitu kingine kabisa. Na panga boi je? Hiyo ni ile ya darini inayotupoza wakati wa joto. Basi katika somo hili nitasema rafadha, na vile vipande vyake virefu nitaviita mapanga.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Gari la kawaida husukuma barabara. Injini huzungusha gia, gia huzungusha ule mti wa chuma, difu hugawa nguvu kwa magurudumu, na tairi husukuma lami kwa nyuma. Gari la rafadha halisukumi barabara, linasukuma hewa. Magurudumu yake yamebeba mzigo tu, kama ya mkokoteni. Hapo ndipo ilipo siri ya somo zima: ukitaka kulitambua gari la rafadha, usianze na rafadha. Anza na magurudumu.

Utauliza, "Kwa nini, na rafadha inaonekana wazi kabisa?" Kwa sababu rafadha peke yake haithibitishi chochote. Mmarekani Moulton Taylor aliunda Aerocar, gari la kuruka, mwaka 1949. Lilikuwa na mkia wenye rafadha kwa nyuma. Lakini likishuka barabarani, mabawa na mkia vilifungwa kama trela, na magurudumu ya mbele ndiyo yaliyolivuta. Kwa hiyo lilikuwa na rafadha, lakini halikutembea barabarani kwa nguvu ya rafadha hiyo. Mtu anayetazama mapanga tu atalitia kwenye kundi lisilo lake.

Basi tazama katikati ya magurudumu, mbele na nyuma. Je, kuna bonge la difu? Kuna mnyororo unaokwenda kwenye ekseli? Kama vipo, jihadhari. Kama huoni kitu ila ekseli nyembamba na springi, umekaribia. Kisha tazama ni magurudumu yapi yanayopinda. Katika gari la kawaida hupinda ya mbele. Katika gari la Hélica la Mfaransa Marcel Leyat yalipinda ya nyuma, kama mkia wa samaki. Picha iliyopigwa gari likikata kona yaweza kukuonyesha hilo waziwazi, na kwangu mimi ushahidi huo ni mzito kuliko maandishi yaliyo chini ya picha.

Huyu Leyat anastahili maelezo kidogo, maana ndiye mashuhuri kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1885, akawa muundaji wa ndege kabla ya kuwa muundaji wa magari. Aliona kwamba gari lina vyuma vingi mno vya kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Ukiweka rafadha, hakuna klachi, hakuna gia boksi, hakuna difu. Gari linakuwa jepesi, na injini ndogo inatosha. Alianza na chombo cha magurudumu matatu alichokiita Hélicocycle, kisha kuanzia mwaka 1919 akaunda Hélica za magurudumu manne jijini Paris. Bodi ilikuwa ya mbao nyembamba, umbo lake kama kiwiliwili cha ndege, na abiria aliketi nyuma ya dereva, si kando yake. Watu waliliita ndege isiyo na mabawa. Yaliundwa takriban 30 tu. Mwaka 1927 Hélica moja ilifika mwendo wa kilomita 171 kwa saa katika uwanja wa mashindano wa Montlhéry, karibu na Paris. Ebu fikiria, kwa magurudumu yasiyosukuma chochote!

Lakini hewa si lami. Gari la rafadha huanza kuondoka polepole, na mlimani hutaabika, kwa sababu rafadha husukuma vizuri chombo kikishapata mwendo. Vumbi nalo usiseme. Na mapanga yanayozunguka mbele ya watoto, mbwa na wapita njia ni hatari isiyohitaji kuelezwa. Ndiyo maana katika picha nyingi utaona pete kubwa au wavu ukiizunguka rafadha.

Taabu ya umaarufu wa Leyat ni kwamba jina lake limemeza wenzake. Gari lolote la zamani lenye rafadha linabandikwa jina la Hélica. Na kumbe Ufaransa hiyo hiyo, miaka ya 1920, kampuni iliyoitwa Traction Aérienne nayo iliuza magari ya rafadha kwa jina la Eolia. Huyu naye alikuna kichwa, akapinda mbao, akafunga injini. Tukiandika jina la mtu mwingine chini ya kazi yake, tumemnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho.

Tuseme sasa umepewa picha ya gari jembamba lenye rafadha mbele, likiwa kwenye njia ya saruji iliyoinuka upande mmoja kama ukingo wa bakuli. Chini pameandikwa "Hélica, Montlhéry, 1919". Gari lenyewe laweza kuwa Hélica, lakini mwaka huo haukubaliki hata kidogo, kwa kuwa uwanja wa Montlhéry ulifunguliwa mwaka 1924. Hujahitaji kujua lolote kuhusu injini. Mahali pamekupa jibu.

Au tuseme una picha ya rangi. Gari liko wazi juu, bodi yake kama mtumbwi, pete ya chuma imezunguka rafadha ya mbele. Hilo si Hélica, ingawa nalo hupinda magurudumu ya nyuma. Ni Helicron ya mwaka 1932, iliyoundwa Ufaransa. Ilikaa ghalani miaka mingi, ikapatikana mwaka 2000, ikatengenezwa, na sasa imo katika makumbusho ya magari ya Lane mjini Nashville, Marekani. Injini yake ya sasa ilitoka kwenye Citroën GS, gari lililoanza kuundwa mwaka 1970. Kwa hivyo hapo una miaka mitatu tofauti katika picha moja: mwaka wa gari, mwaka wa injini, na mwaka wa picha. Usiichanganye.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ujerumani. Mwaka 1939 mhandisi Karl Schlör alionyesha gari la ajabu, pana na la mviringo, ambalo watu waliliita Yai la Göttingen. Chini lilikuwa Mercedes-Benz 170 H, yaani injini nyuma na magurudumu ya nyuma yakisukuma kama kawaida. Halikuwa gari la rafadha. Lakini mwaka 1942, wakati wa vita, lilifungwa kwa nyuma injini ya Kirusi iliyotekwa, pamoja na rafadha yake, kwa majaribio. Gari ni lile lile, na kuna picha zake zenye rafadha na zisizo na rafadha. Anayesema "hili ni gari la rafadha" na anayesema "hili si gari la rafadha" wote wawili wanaweza kuwa na picha mkononi! Jibu ni kutaja mwaka.

Mengine tutayapita haraka. Ukiona rafadha iko nyuma na gari ni la deraya lenye bunduki ya rashasha, fikiria Sizaire-Berwick ya Waingereza ya mwaka 1915, iliyoundwa moja tu kwa majaribio. Ukiona theluji na miti ya kutelezea badala ya tairi, hicho ni kisleji cha injini cha Warusi, si gari. Na ukiona reli, acha kabisa kutafuta jina la gari.

Hapo kwenye reli nitatua kidogo. Mwaka 1931 behewa la Franz Kruckenberg, lenye rafadha kwa nyuma, lilikimbia kilomita 230 kwa saa kati ya Hamburg na Berlin. Ni refu, na ukishaliona mara moja hulisahau. Lakini miaka kumi kabla yake, kijana Valerian Abakovsky aliunda behewa dogo lenye injini ya ndege na rafadha huko Urusi. Tarehe 24 Julai 1921 lilibeba viongozi na wajumbe kutoka Moscow hadi mji wa Tula, likafika salama. Wakati wa kurudi liliacha reli kwa kasi. Abakovsky mwenyewe alikufa, pamoja na mwanasiasa Fyodor Sergeyev aliyejulikana kama Artyom, na wengine. Abakovsky alikuwa na umri wa miaka 25. Walizikwa kwenye ukuta wa Kremlin. Nikikuta picha ya Kruckenberg imebandikwa jina la Abakovsky, au kinyume chake, siwezi kuliita hilo kosa dogo la maandishi. Mmoja alivunja rekodi, mwingine alivunjika yeye.

Sasa Kiswahili chenyewe, maana hiki si Chama cha Magari. Lugha yetu ina ngazi nzuri ya kupimia uhakika, na sisi tunaruka vidato vyake. "Ni" ni ya kitu ulichokiona na kinachothibitika. "Yaelekea" ni ya kitu ambacho ishara nyingi zinakiunga mkono. "Huenda" ni ya kitu kinachowezekana tu. "Haiwezi kuwa" inahitaji sababu nzito, tena itajwe hapo hapo. Vilevile "inaonekana" isitumiwe ovyo: wengine huiandika wakimaanisha "nadhani", ilhali katika maelezo ya picha inapaswa kumaanisha kwamba jicho limekiona. Haya, tazama maelezo haya:

"Picha yaonyesha gari jembamba lenye magurudumu manne, mlango mmoja na madirisha. Mbele pana rafadha iliyozungukwa na pete. Kati ya magurudumu ya nyuma haonekani difu wala mnyororo. Magurudumu ya nyuma yamepinda kushoto, ya mbele yamenyooka. Dereva yuko mbele. Nyuma yake pana kichwa cha mtu wa pili. Yaelekea ni Hélica ya Leyat. Huenda picha ilipigwa Ufaransa, kwa sababu duka lililo nyuma lina maandishi ya Kifaransa. Haiwezi kuwa Helicron, kwa kuwa bodi imefunikwa juu."

Angalia kwamba jina limekuja katika sentensi ya saba. Mwanafunzi mwenye pupa angelitanguliza, na sentensi zote zilizofuata zingekuwa za kulitetea. Angalia pia kwamba mwaka haukutajwa, kwa vile hakuna kitu pichani kinachousema.

Zoezi. Una picha mbili za nyeusi na nyeupe. Ya kwanza yaonyesha gari lenye rafadha mbele na mnyororo unaokwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Ya pili yaonyesha gari la mviringo lisilo na rafadha, lakini nyuma ya bodi yake pana fremu ya vyuma iliyo tupu. Andika maelezo ya kila picha kwa sentensi zisizozidi kumi, ukitumia "ni", "yaelekea", "huenda" na "haiwezi kuwa" angalau mara moja kila moja. Asiyepata jina la gari asipunguziwe alama. Anayelitaja bila sababu, mpunguzieni mbili.