MAFUNZO YA MIMEA: NYASI NYEKUNDU ZA MALISHO

Wasomaji wetu wafugao ng'ombe wazijua nyasi hizi, ijapokuwa kila kabila lina jina lake. Ni zile zimeazo katika mbuga zenye miti iliyotawanyika, baina ya migunga, ambazo zikikomaa hugeuka rangi ya kutu, hata mbuga nzima ikaonekana nyekundu kwa mbali. Wenye elimu ya mimea huziita Themeda triandra. Jina hilo la kwanza latokana na Kiarabu, maana aliyeziandika kwanza ni Peter Forsskål, aliyefia safarini huko Yemeni mwaka 1763. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1775. Nyasi hizi zapatikana pia Afrika ya Kusini, Bara Hindi, hata Australia.

Tuanze na shina, kwa kuwa ndilo lenye siri yote. Mahindi huota, huzaa, na kufa katika msimu mmoja. Nyasi hizi sivyo. Ni shada la vichipukizi vingi vilivyosongamana, na shada hilo huishi miaka mingi. Wakati wa kiangazi majani ya juu hukauka, mtu akadhani zimekufa. Walakini macho ya kuchipua yamo chini, karibu na udongo, ambako moto upitao upesi hauyaunguzi. Akiba ya chakula imo katika vitako vya mashina na katika mizizi. Mvua za kwanza zikinyesha, shada halina jani bichi la kujitengenezea chakula, basi hutumia akiba hiyo kutoa majani mapya.

Hapo ndipo penye hatari. Majani hayo yakiliwa mara tu yanapochomoza, shada hulazimika kutoa mengine. Yakiliwa tena na tena, akiba hupungua, mizizi hudhoofika, na mwishowe shada hufa. Sisi pia tulidhani kwamba ng'ombe huharibu malisho wakati wa kiangazi tu. Kumbe nyasi zilizokwisha kukauka hazidhuriki sana zikiliwa, kama zile zinazochipua. Wala si vema kuziacha kabisa miaka mingi pasipo kuliwa wala kuungua, kwani majani makavu hurundikana, yakazuia mwanga, na shada likajisonga lenyewe.

Mbegu yake ni ya ajabu. Ina ncha kali yenye vinywele vya rangi ya kahawia, na kwa nyuma ina uzi mweusi mgumu, uliosokotwa kama kamba na kupindika katikati. Msomaji na achukue mbegu moja iliyokomaa, aloweshe uzi huo kwa mate, kisha auweke juu ya karatasi. Atauona ukijizungusha kama kitu kilicho hai! Ukikauka hujisokota tena. Hivyo umande wa usiku na jua la mchana huisukuma mbegu kidogo kidogo mpaka ijifukie katika ufa wa udongo. Walakini haioti upesi. Hulala miezi kadhaa kwanza, na moshi wa nyasi zinazoungua husaidia kuiamsha. Tena mbegu nyingi ni kapi, wala zilizo nzima hazidumu ardhini miaka mingi.

Wasukuma wana desturi ya ngitili, yaani malisho yafungwayo mvua zianzapo na kufunguliwa kiangazi. Wazee waliipanga bila kusoma kitabu cha mimea, nayo yapatana kabisa na tabia ya nyasi hizi. Mwaka 1986 Serikali ya Tanzania ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, na ngitili nyingi zikafufuliwa; mahali pengi palifungwa tu, mimea ikachipuka yenyewe kutoka visiki na mizizi iliyosalia. Lakini nyasi nyekundu zilipokwisha hata shada la mwisho, kufunga peke yake huchukua miaka mingi, kwa kuwa mbegu hazina budi kutoka kwa jirani, nazo hazirukiki mbali.